Siku Tuliyokwenda Kukagua Chuo Kama Ng'ombe wa Maziwa

Wewe unayeketi hapo ukipekua picha za vyuo kwenye simu, hebu iweke chini kidogo tuzungumze. Najua umechoka. Umesoma majina ya kozi mpaka yote yanafanana, kila mtu nyumbani ana maoni, na yule asiyejua lolote ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Usiogope. Mimi pia nilipita hapo nikafika salama, ingawa njiani baba yangu alimwambia askari kwamba hanijui.

Nitakueleza polepole, maana habari hii ina ng'ombe ndani yake, na mtu ambaye hajawahi kununua ng'ombe anaweza kupotea.

Kwetu ni juu kidogo ya Kiirua, mahali pa viazi, baridi na maziwa. Nyumbani tulikuwa baba, mama yangu ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, mimi, na shosho aliyemzaa baba. Nimepewa jina la shosho, kwa hiyo baba huniita "Mama." Akiita "Mama!" kutoka zizini, mimi na shosho huitika kwa pamoja. Yaani, shosho aliitika siku ambazo kifaa chake cha kusikia kilikubali kufanya kazi, na siku hizo hazikuwa nyingi.

Kifaa hicho ndicho kilichoanzisha mambo. Kilikuwa kidogo kama punje ya haragwe, na kilikuwa na tabia ya kupiga mluzi kanisani, hasa wakati wa maombi ya kimya. Mchungaji akisema tuinamishe vichwa, kutoka benchi la akina mama ilisikika sauti nyembamba kama ya birika linalokaribia kuchemka. Shosho mwenyewe hakuisikia. Aliona tu watu wakigeuka, naye akageuka pia, akamkazia macho mama wa watu aliyeketi nyuma yake.

Tulikipeleka kwa fundi wa simu karibu na soko la Gakoromone. Alikigeuzageuza, akakirudisha akisema, "Hii si simu, shosho." Watu wa kliniki nao wakasema tutafute kingine. Basi shosho akakiweka kwenye mkebe wa sukari, akaamua kwamba dunia haina jambo jipya la kusikia.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi. Siku moja nilichukua sindano na miwani ya mama ya kusomea, nikakaa mlangoni penye mwanga, nikakifungua. Tatizo halikuwa kubwa. Kijibomba chake kilikuwa kimeziba kwa nta ya sikio, na mpira wake ulikuwa umelegea. Sauti ilitoroka kupitia kwenye upenyo, ikaingia tena kwenye kipaza sauti, ikazunguka hivyo hivyo hadi ikawa mluzi. Ni kama spika za kanisani zinavyolia mhubiri akisimama mbele yake na maikrofoni. Nilisafisha bomba, nikabadilisha mpira. Jumapili iliyofuata shosho alisikia mahubiri yote, mwanzo hadi mwisho, akatoka akisema kumbe ni marefu hivyo.

"Soma hiyo," akaniambia njiani.

"Ipi, shosho?"

"Hiyo ya kufungua vitu vya wagonjwa."

Sikujua kama ina jina. Mama yangu ndiye aliyeniambia inaitwa uhandisi wa kibiolojia. Mhandisi wa barabara anajiuliza daraja litabeba lori la uzito gani. Mhandisi huyu anajiuliza mguu wa bandia utambeba mkulima gani, kwenye mteremko gani, na udongo ukiwa umelowa. Anaunda na kutengeneza vitu vinavyoufanyia mwili kazi: mashine za kupumulia, vitanda vya joto vya watoto njiti, vifaa vya kusikia. Nilipolisikia jina hilo, nililitaka kama mtu anavyotaka maji.

"Sasa huyo ni injinia au ni daktari?" baba akauliza.

"Ni injinia wa vitu vinavyogusa mwili."

"Hata tandiko la punda linagusa mwili."

"Na likiwa baya punda anapata vidonda, Baba. Ndiyo kazi yenyewe."

Akachukua ndoo yake akaenda zizini. Kwa baba, kuondoka bila kubisha ni nusu ya kukubali.

Matokeo yangu ya mtihani yalikuwa mazuri ya kutosha, na vyuo viwili vyenye kozi hiyo vilikuwa mbele yangu. Mfumo wa serikali wa kuchagua vyuo ungefungwa Ijumaa. Nikikosea, ningekaa darasani miaka mingi halafu nirudi Kiirua nikijua kutamka majina ya mashine bila kujua kuzifungua, na shosho angekirudisha kifaa chake kwenye mkebe wa sukari. Chuo cha kwanza kilikuwa na picha za jengo la vioo na wanafunzi waliovaa makoti meupe. Cha pili kilikuwa na picha moja tu, ya mti. Nilimwonyesha baba simu.

"Mimi sinunui ng'ombe wa kwenye picha," akasema. "Jumanne tunaenda kuviona."

Sasa nikueleze habari ya ng'ombe. Jirani yetu aliwahi kununua ng'ombe wa kwenye simu. Katika picha alikuwa aking'aa, kiwele kimejaa kama mto wa kulalia. Alipofika, kiwele kile kilikamuliwa mara moja kikaisha, kikabaki kama soksi. Mwenye kumuuza alikuwa hajamkamua tangu jana yake, ili ajae vizuri kwa picha. Ndiyo maana baba huenda kwa mwenye ng'ombe bila taarifa, saa ya kukamua. Hamuulizi mwenyewe chochote, humuuliza jirani. Kisha anaomba kuonyeshwa ndama wa huyo ng'ombe, wale waliokwisha kuwa wakubwa.

Tena kuna mbinu ya mnadani. Watu wawili wa nyumba moja huingia kama wasiojuana. Mmoja anamtazama ng'ombe kwa hamu, mwingine anapita kando akisema kwa sauti, "Huyu si anachechemea?" Mwenye ng'ombe maringo yanamwishia, na bei inashuka.

Tulikwenda na pikapu yetu ya kubebea maziwa, nikiwa na sketi ya kanisani na thamosi ya chai, baba akiwa na koti lake zuri, gambuti zake za mpira za zizini na fimbo. Nilimwomba avae viatu. Alisema hajawahi kukagua kitu cha maana akiwa na viatu.

Tuliegesha mbali na lango la chuo cha kwanza.

"Wewe tangulia," akasema. "Mimi nitakufuata kama mtu baki. Wakijua tuko pamoja, watajua tumekipenda."

"Baba, hawa hawauzi."

"Kila mtu anauza, Mama. Tembea."

Nikatembea. Nilipita lango bila shida, nikasimama kusoma kibao kinachoonyesha njia. Nilipogeuka, baba naye alisimama. Nikaenda, akaenda. Nikasimama tena, akaanza kukagua ua la michongoma. Askari wa lango alikuwa ametuona sote wawili, akaja mbio.

"Mzee, simama hapo. Mbona unamfuata huyu msichana?"

"Msichana gani?"

"Huyo hapo. Akisimama unasimama, akienda unaenda."

"Mimi natazama ua. Halijakatwa vizuri."

Nikarudi haraka. "Afande, ni baba yangu."

Askari akamgeukia. "Mzee, huyu ni mtoto wako?"

Baba alinitazama kuanzia nywele hadi viatu, kama mnyama ambaye ameambiwa amshike kamba kwa muda tu.

"Simjui."

"Baba!"

"Anafanana na watu wa kwetu," baba akaongeza, "lakini simjui."

Askari akanivuta kando na kuniambia kwa upole nisimtetee, kwamba wazee wa namna hiyo wako wengi na nisiogope, yeye yuko. Kisha akatoa redio yake kiunoni. Wanafunzi walikuwa wameanza kujaa. Baba alipoiona redio, akasahau mbinu yote.

"Mama! Hebu mwambie huyu kijana!"

"Ala!" askari akasema. "Dakika hii humjui, sasa ni mama yako?"

"Afande, waachilie," mwanafunzi mmoja akapaza sauti. "Wakigombana hivyo, hiyo ni familia!"

Wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ya chuo kile ipasuke inimeze. Lakini askari alikuwa mtu makini. Aliitazama thamosi mkononi mwangu, halafu akamwambia baba atoe kilichokuwa kinagongana mfukoni mwake. Baba akatoa vikombe.

"Mzee," askari akasema, "kama hamjuani, mbona chai iko kwake na vikombe viko kwako?"

Baba akavirudisha vikombe mfukoni. Ilibidi nieleze mimi: ng'ombe, mnada, mtu baki, yote. Uso wa askari ulikunjuka kidogo kidogo, mwisho akashikilia lango kwa kicheko. Kumbe yeye ni mtu wa Mbeere, na baba yake alikuwa akimfanyia vivyo hivyo kwenye minada ya mbuzi.

"Mimi nilikuwa ndiye wa kusema anachechemea," akasema. "Haya, ingieni. Lakini pamoja!"

Ndani tulipokelewa na afisa mwenye tai, mtu mwenye adabu sana, akatupeleka kwenye lile jengo la vioo. Sakafu iling'aa hata baba akaanza kutembea kwa ncha za gambuti. Maabara ilikuwa kubwa, kimya, na mashine zimepangwa ukutani, kila moja ikiwa bado imevaa plastiki yake. Baba alipitisha kidole juu ya moja.

"Hizi hukamuliwa lini?" akauliza.

"Samahani?"

"Anauliza wanafunzi huzitumia lini," nikasema.

"Aa, karibuni. Tunamngoja mtaalamu wa kuja kuzifungua."

Nilimtazama baba nikitarajia atakunja uso. Lakini macho yake yalikuwa laini. Baba yangu, aliyekataa ng'ombe wengi kuliko aliokubali, alikuwa amependa.

"Hapa ni pazuri," akaniambia tukitoka. "Unaweza kulia chakula sakafuni. Hapa nitakuleta bila wasiwasi."

Nilikuwa nahesabu zile plastiki moyoni.

Usiku ule tulilala Embu kwa shangazi, dada yake baba, ambaye ni karani wa ofisi mjini. Kesho yake asubuhi tukaenda chuo cha pili, tukiingia pamoja, na baba akiwa amevaa viatu, kwa amri ya shangazi.

Maabara ya pili ilikuwa banda la mabati. Tulisikia kelele kabla ya kuona mlango. Ndani kulikuwa na kitanda cha hospitali kimepinduliwa miguu juu, viti vya magurudumu bila magurudumu, na kisanduku cha watoto njiti kimefunguliwa utumbo wote nje. Wanafunzi walikuwa wamekiinamia wakibishana. Mwalimu wao, mama mwenye koti lililoungua mkononi, alikuwa ameweka ndizi iliyoliwa nusu juu ya mashine ya kupimia damu.

"Karibuni," akasema. "Mwangalie mnapokanyaga."

Baba alikanyaga skrubu palepale.

Alimuuliza mwalimu kama kozi hii ina vyeti, kama vile ng'ombe wa ukoo bora anavyokuwa na karatasi zake. Mwalimu alielewa upesi kuliko nilivyotegemea. Alisema ndiyo, imekubaliwa na bodi inayosajili wahandisi, na akatuonyesha barua ukutani, nyuma ya baiskeli. "Na hilo ndilo swali la kwanza kila mzazi angepaswa kuuliza," akasema. "Kozi inaweza kuwa na jina zuri, lakini bodi isipoitambua, mtoto anamaliza na bado hasajiliwi kuwa mhandisi."

Wakati huo msichana mmoja alinisukumia tochi bila hata kunitazama. "Nimulikie hapa. Hapana, chini. Unaona ule waya? Unagusa?" Niliuona. Nilimwambia kwamba haugusi, umeinuka kidogo. Akaubana. Kisanduku kikalia *piii*, taa ya kijani ikawaka, na watu wakashangilia kama bao limefungwa. Nilipogeuka kumtafuta baba, alikuwa mlangoni ameshikilia koti lake lisichafuke.

"Hapo ni jua kali tu, kama kwa mafundi wa kando ya barabara," akasema tulipoingia kwenye pikapu. "Nikulee mpaka hapa, nikusomeshe, halafu nikulete kukaa na vyuma chakavu? Tunachagua kile cha jana."

Hapo ndipo iliponibidi niseme au ninyamaze miaka yote iliyobaki. Mikono yangu bado ilikuwa na grisi ya tochi.

"Baba, yule ng'ombe wa jirani. Wa kwenye picha. Alikuwa msafi?"

"Aling'aa kama kiatu."

"Na zizi letu saa ya kukamua, lina nini?"

"Lina mavi, maji, majani, kelele. Unajua mwenyewe."

"Jana kwenye vioo, ulimwona mtu yeyote akikamua?"

Baba akawasha gari. Tulikwenda mwendo mrefu, na mimi sikumsukuma, maana najua jinsi anavyofika mahali mwenyewe akiachwa. Tulipoanza kuona majumba ya Embu, akapiga usukani kwa kiganja.

"Kiwele cha picha," akasema. "Mimi! Mimi mwenyewe!"

"Si wewe peke yako, Baba. Kiling'aa kweli."

"Usimwambie jirani."

"Simwambii."

"Lakini bado sijaona ndama."

Shangazi ndiye aliyetupatia ndama. Kanisani kwake kulikuwa na msichana aliyemaliza kile chuo cha banda, ambaye sasa anatengeneza mashine za hospitali. Alikuja jioni, amechoka, mkoba wa spana begani, na shangazi akamwekea sahani ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, kabla hajasalimia vizuri. Baba alimsogezea kiti.

"Niambie ukweli, binti yangu. Kule walikufundisha au mlicheza na vyuma?"

"Mzee, mwaka wa pili nilichoma mashine," akasema. "Moshi mpaka nje. Nililia nikijua nitafukuzwa. Mwalimu akanipa bisibisi, akasema, 'Haya, sasa unaijua. Itengeneze.'"

"Ukaitengeneza?"

"Muhula mzima. Lakini siku hizi mashine kama ile ikiletwa kwangu, naifungua nikiwa naongea na simu."

Baba akacheka kwa sauti. Msichana yule hakunificha mengine. Aliniambia hesabu ya mwaka wa kwanza itaniliza, kwamba yeye alitafuta kazi muda mrefu kabla ya kuipata, na kwamba kuna wenzake waliobadilisha kozi. Nilipomsimulia habari ya tochi, akasema, "Lakini kama hukutaka kuirudisha, utaweza." Sikujua kwamba hamu hiyo ilikuwa imeonekana usoni mwangu.

Alhamisi, nyumbani, nilichagua kile chuo cha mti mmoja. Mama alisimama nyuma yangu akihakikisha nambari ya kozi, maana kozi zinazofanana majina zina nambari tofauti. Shosho alikuwa ameketi karibu na moto, kifaa sikioni.

"Ni kile chenye vyuma?" akauliza.

"Ndicho, shosho."

"Nani amekichagua?"

"Mimi," baba akajibu haraka kabla sijapumua. "Nilikiona tu mlangoni nikajua."

Shosho alimtazama mwanawe, akachomoa kifaa sikioni, akakiweka mfukoni. Alikuwa amesikia ya kutosha.

Msichana wa mukimo alisema kweli kuhusu hesabu. Nililia mwaka wa kwanza, tena si kidogo. Lakini nilifungua kila kilichoweza kufunguliwa, nikachoma na changu pia, na leo nina mkoba wangu wa spana. Kifaa cha shosho ninakisafisha kila nikienda nyumbani, na kanisa letu husali kimya bila birika.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla mfumo haujafungwa, nenda chuoni siku ya kawaida ya masomo, si siku ya maonyesho. Uliza kama bodi ya wahandisi inaitambua kozi. Omba kuingia maabara wanafunzi wakiwa ndani, kisha umuulize mmoja wa mwaka wa mwisho ni mashine gani amewahi kuifungua kwa mikono yake. Na ukienda na baba yako, ingieni langoni pamoja.